Maneno Niliyomsemea Mama Farasi

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote ni ya kokwa za mabuyu zikianguka kwenye sakafu ya saruji. Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani mvua imeanza. Tik, tik, kisha tik-tik-tik, kisha kimya, kisha tena. Kumbe ni wanawake zaidi ya mia, wamekaa gizani, mabuibui wameyashusha mabegani, wanamung'unya mabuyu na kutema kokwa chini. Bi Rukia, aliyenifundisha kazi, akaniinamia sikioni.

"Sikiliza kokwa, mwanangu. Zikianguka nyingi, maneno yako yamewachosha. Zikikoma, umewashika."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na bado sijapata lililo bora.

Nawaandikia nyinyi wawili mliochukuliwa juzi kwenye ukumbi mpya wa Ukunda. Mimi nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka ishirini na tisa na meno yangu yote. Lakini kazi ikimkimbia mtu, sijui neno jingine la kutumia. Ukumbi wetu wa Msambweni, ambao kabla ya kuwa sinema ulikuwa ghala la mbata, zile nazi kavu, umeuzwa, na sasa unauza saruji na misumari. Nilipita wiki iliyopita nikaona mifuko imepangwa pale pale nilipokuwa nikisimama, nikaisalimu. Mshahara sitautaja, haukuwa na mengi ya kutajwa. Cheo hakikuwepo: niliingia mwenye maneno, nikatoka mwenye maneno.

Nyinyi mnaijua kazi, lakini pengine karatasi hii itasomwa na mtu asiyeijua, basi niieleze. Jumapili mchana, kati ya sala ya adhuhuri na ya alasiri, ukumbi ulikuwa wa wanawake peke yao. Filamu zilikuja za Kihindi, za Kiarabu na za Kiingereza, na sisi hatukujua hata moja kati ya lugha hizo. Kwa hiyo alisimama mwanamke kando ya shuka jeupe la kuonyeshea picha, akawaambia wenzake watu wale wanasema nini. Huyo ndiye mwenye maneno. Mwanamume pekee aliyekuwemo ni Bakari, fundi wa mashine, naye alifungiwa kwa nje kwenye chumba chake, akaachiwa tundu la kupitishia mwanga. Aliapa kwamba miaka yote ile hakuona hata kisogo cha mtu. Tulimwamini kwa sababu hatukuwa na fundi mwingine.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Uhuru ulikuwa mchanga bado. Kabla ya filamu ulipigwa wimbo wa taifa, nasi sote tulisimama wima, wengine kwa heshima, wengine kwa kuwa ilikuwa nafasi nzuri ya kuhamia kiti cha mbele. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita. Kiingereza changu kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda nje. Nilipomwambia Bi Rukia hivyo, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba samaki hawajui kushona.

"Mimi nina miaka kumi na tatu hapa," akasema. "Kihindi najua neno moja, nalo ni 'hapana'. Kazi hii si ya kujua lugha. Ni ya kutazama uso."

Na kweli alitazama. Filamu ziliingia kutoka Mombasa Ijumaa, kwa basi, kwenye makopo ya bati, na Jumamosi asubuhi Bakari alituonyesha sisi wawili tu. Bi Rukia alikuwa akitazama mara ya kwanza bila kusema kitu. Mara ya pili alifumba macho akasikiliza sauti peke yake. Akitoka hapo, alikuwa na kisa chote. Bakari aliwahi kufanya kazi Mombasa na alisoma Kiingereza kuliko sisi, basi alitusomea ile karatasi inayokuja na makopo, ambayo husema kidogo sana kwa maneno mengi sana.

Vyombo vya kazi vilikuwa vinne. Pembe ya bati ya kupazia sauti, ambayo msiiweke mdomoni bila kuifuta, maana ina ladha ya kila aliyewahi kuitumia. Tochi, ya kummulika mgomvi. Chupa ya maji ya tangawizi. Na kiti kirefu, kwa sababu filamu ya Kihindi ni safari ya saa tatu na miguu haijui kuwa wanaimba.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna atakayewaambia. Watu wa kwenye filamu wakisogeleana nyuso, pazeni sauti mzungumze jambo jingine; mimi nilikuwa nikisema, "Wanaagana, basi lake limefika," hata kama wako jangwani. Filamu ikikatika, msinyamaze. Bakari anahitaji dakika tano kukwangua ncha mbili kwa wembe na kuziunga kwa gundi ile inayonuka ndizi mbivu, na dakika tano za giza na wanawake mia si mchezo. Siku moja alitia kopo la nne kabla ya la tatu. Mtu aliyekwisha kuzikwa akatokea anakula wali. Nikasema ni pacha wake. Walinikubalia, na mwisho wa filamu bibi mmoja akaniambia pacha alikuwa mtu mwema kuliko marehemu.

Nalisema hilo kwa kucheka, lakini ndipo tabia ya kubuni ilipoanzia. Bi Rukia alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kama dua: "Ukiulizwa, usinyamaze. Mwenye maneno akinyamaza, watu watajisemea wenyewe, na hapo kazi huna." Aliposhikwa na miguu akarudi kwao Gazi, aliniachia pembe na kanuni hiyo. Pembe ilinifaa siku zote.

Sasa nije kwenye kesi ngumu. Nimeiweka mwisho ingawa si ya mwisho kwa miaka.

Ilikuja filamu ya Kiingereza ambayo jina lake sikulishika hata mwanzo. Sisi tuliiita Mji wa Farasi. Ilikuwa ya mambo ya kubuni, ya miaka ambayo haijafika: wanyama wamepata akili, wamejenga mji, wana mahakama na shule, na binadamu ndio wanaovuta mikokoteni. Kwetu hakukuwa na farasi. Mimi mwenyewe mpaka leo natamani kumwona mmoja uso kwa uso nimguse pua. Alipotokea wa kwanza kwenye shuka, mtu wa nyuma akauliza, "Huyo ni nani?"

"Farasi," nikasema.

"Mbona ni punda?"

"Ni punda aliyekula vizuri," akajibu jirani yake, na ukumbi ukacheka mpaka Bakari akagonga ukuta.

Waliipenda. Ni watu ambao nyumbani kwao punda hubeba maji tangu alfajiri, na hapa wanamwona amevaa miwani anahukumu. Bibi mmoja wa Kinango, aliyekuja kumtembelea bintiye, aliinuka akasema anataka ng'ombe wake waione. Mimi nami nilianza kuota. Kwa wiki nzima nilikuwa nikitembea barabarani nikiwatungia punda wa Msambweni maneno, yule wa muuza maji nikampa sauti ya mwalimu mkuu.

Lakini mle ndani mlikuwa na farasi mmoja jike, mweupe, mzee. Alisimama kwenye uwanja wa mahakama, na kila mnyama aliyepita mbele yake aliinamisha kichwa. Wote walisema. Yeye peke yake hakusema neno, mwanzo mpaka mwisho, na filamu haikueleza kwa nini. Karatasi nayo ilinyamaza. Jumamosi nilimwuliza Bakari, akasema, "Labda wamesahau kumlipia sauti."

Jumapili, kama nilivyotarajia, ikatoka sauti safu ya tatu: "Mwanakombo, mbona huyo mama hasemi?"

Nikaikumbuka kanuni: nisinyamaze. Nikaweka pembe mdomoni nikasema, "Anamngoja mwanawe. Alichukuliwa mdogo, akapakiwa meli. Mama ameapa hatafungua kinywa mpaka arudi."

Kokwa zikakoma. Nilisikia zilivyokoma.

Kwa nini nilisema meli, sijui. Kwetu watu wakienda mbali huenda kwa meli, pengine ni hivyo tu. Filamu ilionyeshwa Jumapili nne, na kila Jumapili nilimwongezea yule mama kitu. Jumapili ya pili mwana alikuwa na alama nyeupe kwenye paji. Ya tatu kuna mtu aliyemwona bandarini. Ya nne nikasema, "Yu hai. Mama anajua, ndani ya moyo wake anajua." Wanawake walifuta macho kwa ncha za buibui, nami nikajifuta, maana nilikuwa nimejiliza mwenyewe. Nilirudi nyumbani nimefurahi sana.

Aliyeuliza kutoka safu ya tatu alikuwa Mesalimu. Kwetu mama huitwa kwa mwanawe wa kwanza, naye mwanawe alikuwa Salimu, na hakupata mwingine. Mesalimu alipika vitumbua karibu na lango la hospitali na alikuja Jumapili zote nne, kiti kile kile. Salimu alikuwa baharia wa meli za mizigo za Mombasa. Kabla ya Mji wa Farasi, mwenzake wa kazini alikuja Msambweni na sanduku lake, akasema kijana alichukuliwa na wimbi usiku wa tufani, mbali huko, na walimtafuta mpaka asubuhi bila kumpata. Sote tulijua habari hiyo. Na sote tulijua kwamba Mesalimu hakusomesha hitima, kile kisomo cha kumwombea aliyekufa. Nilidhani ni uchungu, kila mtu ana namna yake. Sikujua kwamba mimi nilikuwa nimetia mkono.

Ilipita miaka miwili na kitu. Siku moja ya Ijumaa nimekaa barazani nasuka ukili wa mkeka, akaja Mwanasha, mke wa Salimu.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo dada Mwanakombo."

"Marahaba." Nilimpita miaka miwili tu, lakini mtu akiwa na jambo zito husalimia kwa ukamilifu.

Akakaa. Akashika ncha ya ukili wangu, akaitazama kama anataka kuinunua.

"Nasikia ile ya Farasi inarudi."

"Si ile. Ni nyingine, ya kabla yake. Imekuja nyuma lakini mambo yake yalitangulia. Bakari kasoma kwenye karatasi, inaonyesha wanyama walivyoanza kupata akili."

"Basi ni kama kuonyeshwa harusi ya mamako," akasema, na tukacheka wote wawili. Yeye akaacha kwanza. "Na yule mtoto ataonekana?"

"Mtoto yupi?"

"Wa mama farasi. Aliyepakiwa meli."

Nilitaka kucheka tena, nikamwona usoni.

"Dada, mimi nina miaka ishirini na minne. Kadhi wa Kwale amesema niende anisikilize, shahidi yupo, yule mwenzake wa kazini, na lile sanduku lipo. Lakini nitamvukaje mama mkwe? Amenilea kama niliyetoka tumboni mwake. Kila tukitaja hitima, asema, 'Yule mnyama hakukata tamaa, nikate mimi mtu?' Anasema wewe umesoma kwenye karatasi kwamba yu hai."

"Karatasi haikusema hivyo."

"Najua haikusema. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nilikuona unavyotafuta." Hakusema kwa hasira. "Sitaki umuumize. Nataka aseme kwa kinywa chake, 'Haya, somani.' Basi. Nikae eda yangu, niimalize, niishi. Nisipokuwa mjane wala mke, mimi ni nani?"

Nikamwambia nitatazama kesho kilichomo.

Kesho yake Bakari akawasha mashine. Mle walikuwa wanaume wa dawa wenye makoti meupe, na zizi safi kuliko nyumba za watu. Farasi jike alikuwa kijana, na alikuwa ndiye mnyama wa kwanza kuchomwa sindano ya akili. Alisema! Neno lake la kwanza, Bakari alisikia vizuri, lilikuwa "maji". Kwa muda wakawa wanazungumza naye kama mtu. Kisha wakamchoma mwanawe, mdogo, miguu mirefu kama ngazi. Dawa ikamkataa. Akaanguka. Wakamfunika kwa shuka. Mama akasimama juu yake mpaka kukapambazuka, na wakubwa walipokuja na wageni kumsikiliza akisema, hakusema. Hakusema tena. Mambo mengine yote, vita na mji, yalitoka hapo.

Mashine ikazimwa. Bakari akakaa juu ya kopo.

"Kwa hiyo hakupakiwa meli," akasema.

"Hakupakiwa."

Naye alizijua habari za Mesalimu kama kila mtu. Akavuta droo, akatoa mkasi. "Kule kuanguka kwake na kufunikwa, ni utepe wa pima tano hivi. Nakata leo, Jumatatu naunga. Wewe utasema mtoto amechukuliwa. Nani atajua?"

"Mwanasha atajua."

"Mwanasha hajui Kiingereza."

"Acha, Bakari. Usikate."

Akarudisha mkasi. "Haya. Mwenye maneno ni wewe."

Ningependa kuwaambia kwamba niliamua kwa uchamungu. Niliamua kwa sababu nilikwisha kuiona picha kichwani: mimi na pembe yangu, nasema ukweli, Mesalimu analia, anamkumbatia mkazamwana wake, wanawake mia wanalia nao, taa zinawaka. Nilikuwa nimetazama filamu nyingi mno. Kutoka ukumbini mpaka nyumbani kwa Mesalimu ni mwendo wa kumaliza kitumbua kimoja. Nilikuwa na Jumamosi nzima. Sikwenda.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Niliwaeleza kwanza kwamba hii imekuja ya pili lakini ndiyo ya kwanza, na nusu saa nzima ilikwenda kwa maswali ya "Mbona amekuwa kijana?" na "Mji uko wapi?" na "Hajaujenga bado, wewe nyamaza." Mama farasi aliposema "maji", walishangilia kama ameongea mtoto wa nyumbani. Mwanasha alikuwa ubavuni pa mama mkwe wake. Sikuwatazama sana.

Sindano ikafika. Mtoto akaanguka. Akafunikwa.

"Wamemfanya nini?" akauliza Mesalimu.

Mdomo wangu, naapa, ulikuwa umekwisha kushika neno "amelala". Lilikuwa pale kwenye ulimi, jepesi, na hakuna ambaye angenipinga. Nikalimeza.

"Amekufa," nikasema.

"Nani kafa?"

"Mtoto. Dawa imemuua."

"Huyo ni mwingine," akasema Mesalimu. Alisema kwa sauti ya kunisaidia, kama mtu anayemkumbusha mwenzake alichosahau. "Huyu si yule wa alama nyeupe. Yule alipakiwa meli."

"Mama, ni huyu. Hakuwa na mwingine."

"Wewe ulisema yu hai."

Watu wakaanza kugeuka. Kwenye shuka la picha farasi walikuwa wanaendelea na mambo yao bila mtu wa kuwasemea. Nikaishusha pembe, maana haifai kumwambia mtu jambo kama lile kwa bati.

"Nilibuni," nikasema. "Mliniuliza, nami sikujua, nikabuni. Meli sikuiona popote. Alama nyeupe niliitia mimi. Kwamba yu hai, nilisema mimi. Nisamehe, mama."

Mtu mmoja akasonya. Mwingine akasema, "Na yule pacha je?" na hakucheka mtu. Kutoka nyuma wakapiga kelele, "Endelea basi! Wanasema nini hao?" Nikaendelea. Ndiyo kazi. Nilieleza vita vyote na mji ulivyojengwa, na nadhani nilieleza vibaya kuliko siku yoyote.

Mesalimu hakutoka. Alikaa mpaka taa zikawaka, akavaa buibui lake, akalilinganisha vizuri kichwani, akaja mlangoni nilipokuwa nikisimama kuwaaga watu. Nilikuwa tayari kwa machozi. Nilikuwa tayari hata kwa kofi.

"Mwanakombo," akasema, "kwangu unakujua."

"Nakujua, mama."

"Basi ungekuja. Ungebisha hodi, ukakaa, ukaniambia mimi na wewe. Kwetu habari ya msiba haitangazwi mbele za watu wanaokula mabuyu."

Akaondoka. Mwanasha alimfuata nyuma, hakunitazama, na sikujua kama amenikasirikia au anaogopa kuonekana ananishukuru.

Jumatatu nilikwenda. Nilibisha hodi, nikakaribishwa mpaka kizingitini. Mesalimu aliniitikia salamu yote, akaniulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja, kisha akanifungia vitumbua viwili kwenye gazeti na kunikabidhi. Mtu akishapewa cha kubeba, ameagwa. Nikaenda zangu.

Kwa wiki kadhaa hakuja sinema. Kisha tukasikia kwamba siku moja, katikati ya kukaanga, aliweka upawa chini akamwambia Mwanasha, "Haya. Waiteni watu wasome." Kwa nini siku hiyo, hakuna ajuaye. Bakari alisema ni filamu. Mimi sina hakika. Huenda ni miaka tu, huenda ni lile sanduku, huenda alikuwa ameshajua tangu zamani, akawa anataka tu mahali pa kuegemea, nami nikamjengea kwa mabua. Mwanasha alikwenda kwa Kadhi, akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, na sasa yuko Diani na mume na watoto wawili. Tukikutana hunisalimia vizuri. Hatujawahi kuyazungumza.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mitatu zaidi. Niliulizwa mengi nisiyoyajua, nikawa nasema, "Hilo sijaambiwa." Mwanzo walinung'unika. Baadaye wakawa wanabuni wenyewe, wanabishana safu kwa safu, na wengine walibuni vizuri kuliko mimi. Bi Rukia nilipomweleza, kule Gazi, alisema nimeiharibu kazi, kisha akaniuliza lini nitamletea tena habari za farasi. Nyinyi fanyeni mtakavyoona. Ila picha ikiwa itamgusa mtu ambaye nyumba yake mnaijua, nendeni Jumamosi.

Hitima ya Salimu ilisomwa siku ya Alhamisi. Hapo Msambweni hitima haifichiki. Sufuria huazimwa, wali huchaguliwa mawe kwa pamoja, na wanawake hupewa juzuu zao wazisome. Majirani zangu wote wa mkono wa kulia na wa kushoto waliitwa. Kwangu hakupita mtu. Sikustahili kuitwa, na nilifahamu hivyo, ingawa nilioga mapema na kuvaa kanga safi endapo ningeitwa.

Walipokwisha kwenda wote, na njia imekuwa tupu, nilifunga mlango nikatia udhu. Nikatandika mkeka, nikauteremsha msahafu wa marehemu baba. Chuoni, kwenye Kurani, sikukaa zaidi ya shuleni, kwa hiyo nasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na mahali pengine hurudi nyuma. Nilisoma juzuu moja, kwa ajili ya Salimu, ambaye maishani nilimwona labda mara mbili akipita na baiskeli. Ilinichukua mpaka jua limehama ukutani. Nilisoma kwa sauti yangu ya kawaida, sikuongeza neno na sikupunguza, nikaomba dua, nikaufunga msahafu.